Uzi: Kulea watoto wa mbwa tangu kuzaliwa hadi kukabidhiwa nyumba mpya, kutoka katika daftari langu

Mwanzisha uzi

Salaam wanajukwaa. Mbwa wangu jike amemaliza kulea uzao wake wa tatu, watoto saba, na wa mwisho ameondoka juzi. Nimekaa na daftari nililoliandika kila siku tangu walipozaliwa, nikaona kwamba mengi yaliyomo ningetamani mtu aniambie kabla ya uzao wa kwanza, ambao niliulea kwa kubahatisha na ukanifunza kwa makosa mawili nitakayoyaeleza humu bila kujisitiri.

Maswali mengi yanayoletwa hapa huanzia mwisho. Mtu ana watoto wa wiki sita, nyumba imejaa makelele, wanunuzi wanapiga simu, naye anauliza awape chanjo gani na awatoe lini. Kwa maoni yangu swali hilo limechelewa. Mbwa atakayetulia katika nyumba ya watu wengine hutengenezwa kati ya wiki ya tatu na ya nane, mikononi mwa mtu ambaye hataishi naye, na mwenye nyumba mpya hupokea kilichokwisha kutengenezwa, kiwe kizuri au kibaya.

Kuhusu kuzaa kwenyewe sitakaa sana, maana nyuzi za habari hiyo zipo nyingi. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Kuanzia siku ya 58 nilimpima jike joto asubuhi na jioni, kwa kuwa mara nyingi joto lake hushuka chini ya nyuzi 37 za Selsiasi ndani ya saa 24 kabla ya uchungu kuanza. Mambo yanayotaka daktari wa mifugo bila kusubiri yanafaa kukaririwa mapema: jike kusukuma kwa nguvu kwa nusu saa bila mtoto kutoka, kupita zaidi ya saa mbili kati ya mtoto na mtoto ilhali inajulikana kwamba wengine bado wamo tumboni, au uchafu wa kijani kutoka kabla ya mtoto wa kwanza. Siku ya kwanza isiishe kabla kila mtoto hajanyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, kwa sababu utumbo wake huruhusu kingamwili za mama kupita kwa saa chache tu, na ikitimia siku moja mlango huo huwa umekwisha kufungwa.

Sanduku la kuzalia liwe pana kiasi cha jike kulala akiwa amejinyoosha, na liwe na ubao uliopigiliwa kuzunguka pande zote kwa ndani, juu kidogo ya sakafu, ili mtoto aliyejipenyeza nyuma ya mgongo wa mama apate upenyo wa kujisitiri asilaliwe. Gazeti tupu lisitandikwe peke yake, kwani huteleza, na watoto wanaojifunza kujisukuma juu ya kitu kinachoteleza hutandaza miguu kama chura.

Wiki mbili za mwanzo kazi yote ni joto na uzito. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni, hasikii, na hawezi kujipasha joto. Hata kutetemeka hajajua katika siku zake za mwanzo. Pale alipolala mimi huweka joto la nyuzi 30 hivi katika wiki ya kwanza, kisha hulipunguza kidogo kidogo, lakini kona moja ya sanduku huiacha bila joto ili mwenye kuona joto limezidi apate pa kukimbilia. Kipimajoto husaidia, ila watoto wenyewe ndio kipimo bora: wakirundikana mmoja juu ya mwingine huku wakilia, wana baridi, wakitawanyika kila mmoja ukingoni, wamechomwa, wakilala ubavu kwa ubavu kimya huku miguu ikirukaruka usingizini, mambo ni shwari. Kule kurukaruka huwatisha wageni, lakini mimi huanza kuwa na wasiwasi pale mtoto anapolala bila kutikisika.

Uzito nilipima kwa mizani ya jikoni kila asubuhi saa ileile. Kila mtoto alikuwa na uzi wa sufu wa rangi yake shingoni, uliolegea kiasi cha kupitisha kidole, na kila baada ya siku tatu niliukata na kufunga mwingine kwa kuwa shingo hukua upesi kuliko jicho linavyoona. Kupungua kidogo katika siku ya kwanza si ajabu. Kinachotisha ni kupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, au kusimama palepale siku mbili mfululizo wakati wenzake wanapanda. Mtoto mzima hufikisha uzito maradufu wa ule wa kuzaliwa anapokaribia siku ya kumi. Mtoto anayeanza kudhoofika hujulikana kwenye mizani kabla hajalia na kabla macho yako hayajaona lolote.

Sasa kosa la kwanza. Katika uzao ule wa kwanza, usiku wa nne, nilimkuta mtoto mwenye uzi wa kijani amejitenga kwenye kona, baridi mkononi kama jiwe la mtoni. Nilidhani ana njaa. Nilipasha maziwa maalumu ya watoto wa mbwa, nikamtilia kinywani kwa bomba la sindano tone baada ya tone, nikamrudisha kwa mama yake nikiwa nimeridhika. Asubuhi alikuwa amekufa. Daktari alinieleza kwamba mtoto aliyepoa utumbo wake husimama kufanya kazi, hivyo maziwa hukaa tumboni bila kusagwa au huingia mapafuni, na kwamba nilipaswa kumpasha joto kwanza, polepole, ndipo nimlishe.

Katika uzao huu lilitokea tena, kwa mtoto mwenye uzi wa manjano, siku ya tatu. Safari hii nilimweka ndani ya shati, kifuani, ngozi kwa ngozi, nikaketi. Kila baada ya muda nilimtia ncha ya kidole kinywani. Mwanzoni ulimi ulikuwa wa baridi na haukushika chochote. Ilipita karibu saa nzima ndipo ulimi ukapata joto, akaanza kukwaruza kifua changu akitafuta chuchu. Hapo nilimpeleka moja kwa moja kwenye chuchu za nyuma, ambazo kwa kawaida huwa na maziwa mengi, nikawazuia wenzake wasimsukume. Ni huyu aliyeondoka juzi.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Naomba kuuliza mambo mawili. Jike wangu ana watoto tisa na naona maziwa hayawatoshi. Je, naweza kuwaongezea maziwa ya ng'ombe? Na je, mtoto wa mbwa hunyweshwa kwa kumlaza chali kama mtoto mchanga wa binadamu? Ndivyo nilivyoona mtu akifanya.

Mwanzisha uzi

Nianze na swali la pili, kwa kuwa ndilo linaloua haraka. Hapana, usimlaze chali. Mtoto wa mbwa hunyonya akiwa amelalia tumbo, shingo imenyooka na kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyokuwa kwa mama yake. Ukimlaza chali maziwa hupita njia ya hewa, na utaanza kuyaona yakitoka puani.

Maziwa ya ng'ombe peke yake hayafai. Maziwa ya mbwa yana protini na mafuta karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, na sukari ya maziwa ndani yake ni kidogo. Ukimpa ya ng'ombe utamharisha huku ukimwacha na njaa. Tumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa, uyachanganye kama yalivyoelekezwa bila kuyafanya mepesi ili yafike mbali. Kwa watoto tisa mimi ningewagawa makundi mawili kwa uzito, wadogo wakatangulia kunyonya, wakubwa wakasubiri mahali penye joto, kabla sijafikiria chupa. Kama kuna mtoto unayemlisha mwenyewe kabisa, kumbuka kwamba katika wiki mbili au tatu za mwanzo hawezi kukojoa wala kunya bila kuchochewa. Mama hufanya hivyo kwa ulimi, nawe utafanya kwa pamba iliyoloweshwa maji ya uvuguvugu, ukipapasa taratibu kabla na baada ya kila mlo.

Mwangalie na jike mwenyewe. Chuchu iliyovimba, ngumu na ya moto, ambayo hataki iguswe, ni ya kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Na hasa kwa mbwa wa umbo dogo mwenye watoto wengi, ukimwona anahema bila kukoma, anatembea miguu imekakamaa na misuli inatetemeka, usingoje kuche: kalsiamu ya damu imeshuka kwa sababu ya maziwa, na bila sindano ya daktari anaweza kupoteza maisha. Wengine humpa jike vidonge vya kalsiamu wakati wa mimba wakidhani wanakinga hali hiyo, kumbe mwili huzoea kuletewa na husahau kuitoa mifupani maziwa yanapoihitaji.

Mwanzisha uzi (mwendelezo)

Nakuja kwenye wiki ya tatu. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, masikio hufuata siku chache baadaye, na ghafla kile kilichokuwa furushi la usingizi kinakuwa kiumbe kinachoshtuka mlango unapogongwa. Meno ya kwanza huchomoza, jike huanza kukatisha kunyonyesha na kuondoka, nawe umpe mahali pa kupanda pasipofikiwa na watoto, kwa sababu mama asiye na pa kupumzikia huwa mkali.

Chakula kigumu nilikianza mwanzoni mwa wiki ya nne: chakula cha watoto wa mbwa kilicholoweshwa maji ya moto hadi kikawa uji mzito, kikapoa, kikawekwa kwenye sinia bapa. Siku ya kwanza waliingia na miguu yote minne, wakakanyaga zaidi ya walivyokula, kisha mama akaja kuwalamba wote akashiba yeye. Maji yalipunguzwa kila baada ya siku chache, na kufikia wiki ya saba walikuwa wakitafuna kikavu.

Dawa ya minyoo haisubiri dalili. Minyoo ya duara huwafikia watoto wakiwa bado tumboni kwa kupitia kondo la nyuma, na huwafikia tena kwa maziwa, sawa na minyoo ya safura. Kwa hiyo hata uzao uliozaliwa kwenye sakafu safi huwa nayo. Niliwapa dawa wiki ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, kwa kipimo cha uzito wa kila mmoja kama daktari alivyoagiza, na mama yao naye akapewa. Minyoo hiyo humwingia binadamu pia, hasa mtoto mdogo anayeshika udongo na kutia mkono kinywani, ndiyo maana kinyesi kiliondolewa kila kilipoonekana.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni choo. Kuanzia wiki ya tatu mtoto wa mbwa huanza mwenyewe kutoka kitandani kwenda kujisaidia pembeni, hakuna aliyemfundisha. Ukimpa sakafu mbili zenye mguso tofauti, blanketi mahali pa kulala na vumbi la mbao au nyasi upande wa pili, atachagua upande wa pili, na kufikia wiki ya nane au ya tisa mguso huo utakuwa umemkaa. Ukimlea kwenye kijichumba ambamo kulala, kula na kujisaidia ni palepale, unamkabidhi mnunuzi mbwa asiyeona ubaya wa kulalia uchafu wake, na mnunuzi atapigana na tabia hiyo kwa miezi bila kujua ilikotoka.

Kisha yapo mazoea ya ulimwengu. Kila siku nilimchukua kila mtoto peke yake kwa dakika chache. Nilimshika makucha, nikamkata ncha kila wiki (ambazo pia humkwaruza mama anaponyonyesha), nikamfunua midomo kuangalia meno, nikamtazama masikio, nikamweka juu ya meza na kumrudisha. Walisikia redio, mashine ya kufulia, sufuria ikianguka kwa mbali kisha kwa karibu zaidi. Walikanyaga vigae, zulia, changarawe na karatasi inayochakarika. Waliona mtu mwenye kofia, mwenye miwani, mwenye ndevu, mwenye fimbo, na watoto wadogo walioketi chini na kusubiri kufuatwa. Hakuna aliyelazimishwa, aliyeogopa niliongeza umbali, nikampa kitu cha kula, nikasubiri aje mwenyewe.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, hapa naomba nikupinge kwa heshima. Niliwahi kupoteza watoto wote sita kwa parvo, ule ugonjwa wa virusi wa kuharisha na kutapika, baada ya jirani aliyependa mbwa kuja kuwaona. Daktari wangu alisema mtu yeyote asiwaguse wala wasitoke hadi chanjo zote ziishe. Wewe unaalika wenye ndevu na wenye kofia. Huoni kwamba unawashauri watu vibaya?

Mwanzisha uzi

Pole sana kwa msiba huo, ndugu yangu. Hoja yako ni nzito na ningekuwa mpumbavu kuipuuza. Tatizo ni kwamba tuna saa mbili zinazokwenda kinyume, na kila mmoja wetu anaitazama moja.

Saa ya kwanza ni ya kinga. Kingamwili zilizotoka kwenye dang'a humlinda mtoto, lakini hizohizo huizuia chanjo kufanya kazi, na hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mtoto, kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita. Ndiyo maana chanjo za parvo, distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa) na homa ya ini huanzwa wiki ya sita hadi ya nane na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne, mpaka mtoto afikishe wiki 16 au zaidi. Marudio hayo hayaongezi nguvu ya sindano ya kwanza; yanatafuta ile wiki ambayo kingamwili za mama zimeisha na mwili umekubali kujifunza. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12, mtoto akiwa tayari kwa mwenyewe mpya.

Saa ya pili ni ya akili. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliolelewa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio bila kuzoeana na binadamu, wakatolewa kwa umri tofauti. Waliotolewa mapema walizoea watu upesi. Waliobaki humo hadi wiki ya 14 waliwakimbia watu, na juhudi za baadaye hazikuwarudisha kuwa kama wenzao. Dirisha hilo la kuzoea watu hufunguka wiki ya tatu na huanza kufunga karibu na wiki ya 12. Ukisubiri chanjo ya mwisho uifungue nyumba yako, umelikosa.

Kwa hiyo mimi hutenganisha mambo mawili ambayo daktari wako, pengine kwa haraka, aliyaweka pamoja. Ardhi inayopitiwa na mbwa wasiojulikana ni hatari ya kweli, kwa sababu kirusi cha parvo hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi, hata kuvuka mwaka, na watoto wangu hawakuikanyaga kabisa. Walipotoka nje ya uwanja wetu walibebwa mikononi au ndani ya kikapu. Mgeni ni jambo jingine, mradi adhibitiwe. Viatu viliachwa nje ya lango, mikono ilioshwa kwa sabuni, nguo iliyoshikwa na mbwa mwingine siku hiyo haikuingia, na mwenye mbwa mgonjwa au aliyekufa karibuni nyumbani kwake hakukaribishwa, hata kama ni ndugu. Sakafu niliisugua kwanza kwa sabuni hadi uchafu ukaisha, kisha nikaipaka dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa maji sehemu thelathini, ikakaa dakika kumi. Klorini ikimwagwa juu ya kinyesi huishia kupambana na kinyesi na kuacha kirusi.

Jirani yako huenda alileta ugonjwa kwenye soli ya kiatu. Ungemzuia kwa beseni la maji na kiti cha kuvulia viatu pale mlangoni.

Mchangiaji wa pili

Nimekuelewa, mkuu. Alikuja na viatu, na yeye mwenyewe ana mbwa watatu. Sikuwahi kuliwaza hilo.

Mchangiaji wa tatu

Kuna mteja ananisumbua. Watoto wana wiki sita, wanakula vizuri, na yeye amekwisha kulipa sehemu ya fedha. Anataka kumchukua yule mweupe wikiendi hii. Nimpe au nisimpe?

Mwanzisha uzi

Usimpe. Kula vizuri ni jambo moja, kuwa tayari ni jingine. Kati ya wiki ya nne na ya nane watoto hufundishana nguvu ya meno. Mmoja akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake hupiga kelele na mchezo huvunjika. Akimng'ata mama, mama humkaripia. Baada ya mara nyingi za kuvunjiwa mchezo anajifunza kulegeza taya. Anayetolewa wiki ya sita huenda na somo nusu, na atakayelimalizia ni mkono wa mteja wako au wa mtoto wake. Katika nchi kadhaa sheria yenyewe inakataza kuuza mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane. Mteja asiyeweza kuvumilia siku kumi na nne, sijui atavumilia vipi miezi ya kufundishwa choo.

Na hilo la "yule mweupe" ndilo linalonileta kwenye kosa langu la pili. Katika uzao wa kwanza niliwapanga wateja kwa foleni: aliyetangulia kulipa alichagua kwanza, na kila mmoja alichagua kwa rangi. Dume mmoja mwenye kiraka jichoni alichaguliwa na wazee wawili waliotaka mbwa wa kulala miguuni pao. Daftari langu, kama ningelisoma, lilikuwa limeandika kwamba huyo ndiye aliyepanda ukuta wa sanduku siku ya 23, ndiye aliyewaamsha wenzake kila asubuhi, na ndiye pekee asiyechoka. Alirudishwa akiwa na miezi mitano. Wazee walikuwa wanalia, mikono yao ina mikwaruzo, na mbwa alikuwa amefungiwa kwenye stoo kwa muda ambao hawakupenda kuutaja. Sikuwa na haki ya kuwalaumu. Ilinichukua majira mazima kumrudisha katika hali ya kuaminiwa, kisha akaenda kwa kijana anayekimbia kilomita nyingi kila alfajiri, ambako yuko hadi leo.

Tangu hapo mteja hachagui peke yake. Ananieleza nyumba ina nani, nani anabaki mchana, kuna ua au hakuna, mbwa wao wa mwisho alikufaje na walimfanyia nini alipougua. Swali hilo la mwisho hufungua mambo ambayo fomu haiwezi kuyafungua. Kisha namwonyesha mtoto mmoja au wawili ninaoona wanafaa, na kama hakuna anayefaa namwambia hivyo. Nimepoteza wateja kwa sababu hiyo, na sijajuta.

Mchangiaji wa nne

Nakubaliana nawe, lakini mimi hutumia jaribio la tabia la siku ya 49, ambapo mtu mgeni humpima kila mtoto kwa kumwita, kumlaza chali na kumtupia mpira. Naona linaokoa muda kuliko kuandika kila siku.

Mwanzisha uzi

Nililijaribu katika uzao wa pili. Matokeo yake yalinipa picha ya siku ile tu: mwenye uzi wa buluu alionekana mwoga kupindukia, kumbe alikuwa ameamka wakati huohuo na tumbo lilimsumbua. Jaribio la siku moja hutabiri kidogo sana tabia ya mbwa aliyekomaa. Kama unalipenda lifanye, lakini liwe ukurasa mmoja kati ya hamsini. Mimi huamini zaidi mambo yanayojirudia: nani huchukua muda gani kurudi kwenye kitu kilichomshtua, nani huja kwa mtu wakati chakula kipo upande mwingine, nani hulia akitengwa na kwa muda gani.

Hilo la kutengwa lina kazi yake. Kuanzia wiki ya sita nilimtoa kila mtoto kutoka kwa wenzake na kumpeleka chumba kingine, mwanzoni kwa dakika mbili na kitu cha kutafuna, baadaye robo saa. Walilala mmojammoja mchana ndani ya kizimba kilichoachwa wazi, kisha kilichofungwa. Walipanda gari mara tatu, wakiwa wawili wawili, tumbo tupu, na mara zote tulirudi nyumbani. Mtoto ambaye safari yake ya kwanza ya gari, usiku wake wa kwanza wa upweke na siku yake ya kwanza bila mama vinaangukia tarehe moja, ana kila sababu ya kulia.

Kila mmoja aliondoka na mfuko. Ndani yake mlikuwa na chakula kilekile alichozoea, cha kutosha wiki mbili ili kibadilishwe polepole. Kitambaa kilicholala kwenye sanduku pamoja na mama. Kadi ya chanjo yenye tarehe ya sindano inayofuata. Orodha ya tarehe za dawa ya minyoo. Namba ya kifaa cha utambulisho kilichowekwa chini ya ngozi. Na karatasi mbili zilizotiwa saini. Karatasi ya kwanza inasema kwamba wakishindwa kumtunza, wakati wowote wa maisha yake, atarudi kwangu na si kwa mtu mwingine. Wengine huniona mkali kwa sharti hilo. Lakini ni sharti hilohilo lililomrudisha yule dume kabla hajaishia barabarani.

Karatasi ya pili ni ya usiku wa kwanza. Nimewaandikia kwamba walaze mtoto ndani ya boksi kando ya kitanda, mahali ambapo mkono unaweza kumfikia, na wamsogeze mbali kidogo kila baada ya siku chache. Kwamba akiamka usiku wa manane akihangaika anataka kukojoa, atolewe kimya, asichezewe, arudishwe. Kwamba mtoto wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa tatu hivi, na kumpiga kwa hilo ni kumfundisha kujificha anapojisaidia. Na kwamba sherehe ya ndugu na majirani kuja kumwona isubiri, maana atakuwa na mageni ya kutosha bila wao.

Mchangiaji wa tatu

Mteja nimemwambia asubiri. Amekasirika, ila amekubali. Swali la mwisho, mkuu: baada ya watoto kuondoka, jike tunamfanyaje? Wangu ana maziwa bado.

Mwanzisha uzi

Usiwatoe wote siku moja. Wangu waliondoka katika muda wa siku tisa, wawili wawili, na mmoja mwishoni. Watoto wanapoanza kula chakula na kunyonya mara chache, punguza chakula cha jike hatua kwa hatua hadi kile cha kawaida kabla ya mimba. Usiyakamue maziwa hata ukiona yamejaa, kwa sababu kukamua ni kuagiza mengine. Yaache, mwili utayanyonya wenyewe. Papasa kila chuchu asubuhi na jioni kwa wiki moja, na ukikuta moja imekuwa ya moto au ngumu kuliko nyingine, daktari.

Usishangae akiwatafuta. Wangu alikwenda kwenye sanduku mara tatu usiku wa juzi, akanusa kona aliyokuwa akilala mwenye uzi wa manjano, akarudi. Jana alikwenda mara moja. Leo asubuhi nimelibomoa sanduku, nikazisugua mbao na kuzianika juani, naye amelala kivulini bila hata kuinua kichwa. Kuhusu mwenye uzi wa manjano, ujumbe umefika kwamba usiku wa kwanza alilia dakika ishirini, akapapaswa, akalala hadi saa kumi alfajiri, akatolewa nje na kukojoa kwenye nyasi.